Asante wewe uliyenishika mkono kwenye kazi ya mteja

Sitakutaja jina, najua hupendi, lakini shukrani hizi ni zako. Darasani tulisoma usanifu wa mafunzo, yaani kazi ya kupanga na kutengeneza kozi, kwa hatua tano za ADDIE (kifupi cha majina yake ya Kiingereza): uchambuzi, usanifu, uundaji, utekelezaji na tathmini. Kisha akaja mteja wa kweli, anataka kozi ya saa nzima kwa wahudumu wake, na anaitaka upesi.

Wewe ndiye uliyesema tuwaone kwanza wahudumu wakiwa kazini. Tukakaa nao. Kazi waliijua vizuri. Kilichowakwamisha ni fomu ya malalamiko yenye sehemu mbili zinazouliza jambo lilelile. Basi mteja akapata mwongozo wa ukurasa mmoja wa kubandika karibu na kompyuta, pamoja na zoezi fupi la kuzungumza na mtu aliyekasirika. Uchambuzi, hatua ambayo wengi huiruka, niliupenda kuanzia hapo.

Na zile rasimu zangu! Ulizisoma usiku, baada ya kazi zako mwenyewe, ukiandika pembeni mwa kila lengo la mafunzo: "Mwanafunzi atafanya nini, tumwone?" Swali hilo sasa nawauliza wateja wangu. Asante sana, mwalimu wangu. Mungu akuzidishie.