Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Chama cha Manahodha wa Boti, Lamu

Assalaam aleikum wanachama.

Tulisafisha gati, tukatembelea wagonjwa, tukazika wenzetu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Hayo mnayajua.

Nitakalorefusha ni la zamu. Tangu Juni, abiria wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda huvushwa kwa zamu, na kila safari Sh100 huingia mfuko wa kusi, yaani wa kusaidiana msimu wa pepo za kusini, bahari inapochafuka. Najua nimesemwa mabarazani, kwamba nawanyang'anya watu wateja wao. Lakini tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2014 ilipowekwa marufuku ya kutoka usiku, kila mtu alihangaika kivyake na wengine wakauza mashine za boti. Mwaka 2020 korona iliposimamisha ndege, tukarudia yale yale. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa 2021, na leo mgeni anakodi boti kwa simu kabla hajapanda ndege. Mambo yanageuka kabla hatujashika tanga, na bado tulitaka kila mtu apambane peke yake?

Ni kweli kamati ilipitisha zamu bila mkutano mkuu. Mkutano uliitwa mara mbili, na mara zote mbili walikuja watu 11 kati ya 64. Ningemngoja nani?

Mfuko umekusanya Sh118,300. Kusi hii manahodha 19 walipewa Sh4,000 kila mmoja, zimebaki Sh42,300. Kati ya hao 19 yumo aliyepinga zamu kwa sauti kuliko wote. Jina lake silitaji.

Jambo jingine halimo kwenye hesabu. Kijana wetu mmoja mashine yake ilikufa, akajifungia ndani wiki tatu kwa aibu. Zamani tungedhani yuko baharini. Safari hii jina lake liliitwa kwenye daftari la zamu asubuhi mbili mfululizo, hakuitika, tukaenda kumbishia hodi. Daftari hilo nililianzisha mimi, na mwezi wa kwanza nililishika mwenyewe gatini tangu alfajiri, bila posho.

Ada ni Sh200 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 17. Wengine hata simu ya mhazini hawapokei, lakini kwenye zamu wanawahi.

Mwakani, Inshallah, tutatafuta mafunzo ya kutengeneza mashine na maboya ya kuvaa, fedha zikipatikana. Mkutano mkuu ni Ijumaa baada ya alasiri. Mhazini atakuwepo na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti