Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mzazi si mgeni wa saa za kutazama wagonjwa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kwanza, kisha uniruhusu niende moja kwa moja kwenye ukurasa unaonisumbua. Wizara yako imetoa rasimu ya mwongozo wa matibabu ya afya ya akili kwa vijana na kuwaalika wananchi watoe maoni. Nimeisoma yote, hata viambatisho. Katika sehemu ya maradhi ya ulaji, chini ya anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu ya kunenepa, ipo sentensi moja inayowahusu watu kama mimi: "Wazazi watapewa taarifa za maendeleo ya mtoto wao." Basi. Hatutajwi tena mahali pengine. Barua hii ni ugomvi wangu na kitenzi hicho, kupewa.

Mimi ni baba wa binti aliyeanza kuugua akiwa na miaka 14. Aliacha vitu vitamu, tukamsifu. Akaacha mafuta, tukanyamaza. Kisha kila jioni akawa ameshakula kwa rafiki yake. Wakati huo huo akapenda kupika kupita kiasi. Alitupikia sote, akasimama kututazama tukila, akauliza kama chumvi imekolea, naye haonji. Tulidhani tumepata mpishi. Siku mama yake alipomfungulia mlango wa bafu kwa bahati mbaya, akauona mgongo wake, ndipo tulipojua tumekuwa tukila mbele ya mtu anayekufa njaa.

Barua ya rufaa iliandikwa "kukosa hamu ya kula". Ndivyo neno anoreksia linavyotafsiriwa, na tafsiri hiyo imetuponza. Binti yangu alikuwa na njaa mchana na usiku. Hamu alikuwa nayo. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kilichomkataza kuifuata, na kila alipokitii kilimdai zaidi. Ukiandika kwenye mwongozo kwamba mgonjwa hana hamu, muuguzi atamtafutia dawa ya hamu, na shangazi mtu atasema anadeka.

Hospitali iliyompokea siitaji. Waliomhudumia walifanya walivyofundishwa. Alilazwa wiki 11. Tuliruhusiwa kumwona mara moja kwa wiki, na kamwe si wakati wa chakula. Daktari mmoja, mtu mstaarabu kabisa, alitukalisha ofisini akatukumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo nimeitumia mwenyewe kwa watoto wa wenzangu, kwa hiyo labda nilistahili. Mke wangu hakusema neno njia nzima ya kurudi nyumbani.

Binti alinenepa, akaruhusiwa. Maelekezo tuliyopewa mlangoni yalikuwa mafupi: msimsukume, msizungumzie chakula, akishaelewa kinachomsumbua atakula mwenyewe. Tukatii. Wiki ya tano alikuwa amepungua kuliko siku aliyolazwa. Uzito wenyewe nilikuwa nimeuandika hapa, nimeufuta. Sababu nitaisema mwishoni.

Kumweka mzazi kando ni desturi ya siku nyingi, Mheshimiwa, si kosa la hospitali ile peke yake. William Gull, daktari wa London aliyeupa ugonjwa huu jina la anorexia nervosa katika miaka ya 1870, aliandika kwamba ndugu na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Karne moja baadaye, kule Philadelphia, tabibu wa familia Salvador Minuchin na wenzake walichora sura ya familia ambayo waliamini huzaa maradhi ya aina hii. Kinaya ni kwamba Minuchin huyo huyo ndiye aliyeikalisha familia mezani pamoja na mgonjwa, tabibu akiangalia. Meza ilibaki. Lawama imekuwa ngumu zaidi kuondoka, ingawa Academy for Eating Disorders, chama cha kimataifa cha wataalamu wa maradhi haya, kilitoa tamko mwaka 2010 kupinga kuitazama familia kama chanzo kikuu cha ugonjwa.

Mabadiliko yalianzia hospitali ya Maudsley, London. Mwaka 1987, Gerald Russell, George Szmukler, Christopher Dare na Ivan Eisler walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 waliotoka wodini uzito wao ukiwa umerudishwa. Kwa kura, wengine walipata tiba ya familia, yaani tabibu hukaa na familia nzima ili nyumbani wamsimamie mgonjwa ale, wengine tiba ya mtu mmoja mmoja. Walioanza kuugua kabla ya kufika miaka 19, na ambao ugonjwa haukuwa umepita miaka mitatu, walifaidika zaidi na tiba ya familia, na miaka mitano baadaye tofauti bado ilionekana. Kwa watu wazima haikuwa hivyo, nami siwasemei. Nasema juu ya watoto ambao bado wanaishi kwetu.

Sisi tuliyapata matibabu haya kwa bahati tu. Muuguzi mmoja wa kliniki ya nje alikuwa ameyasomea, akatuita wote, hata mdogo wa kiume wa binti yetu, mwenye miaka 10. Siku ya kwanza alituambia bila kupaka asali kwamba ugonjwa huu unaua, kwamba upo miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi, na kwamba muda si mwingi. Nikamuuliza swali lililokuwa likinila usiku: tulikosea wapi? Akasema, "Chanzo sikijui, na kwa kazi ya leo sikihitaji. Namhitaji baba, namhitaji mama." Nadhani hapo ndipo mke wangu alipoketi wima kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano wa ofisini.

Kikao cha pili tuliambiwa tuje na mlo unaomfaa mtoto aliyefika hali ile. Tukaja na kile ambacho tulijua hatakikataa: kidogo, chepesi, hakina mafuta. Muuguzi akafunua, akatazama, akauliza: "Chakula hiki kimepangwa na nani? Na ninyi, au na ugonjwa?" Tuliona haya. Kisha akatuelekeza tukae huku na huku ya binti, karibu, na kazi yetu ikawa moja: ale tonge moja zaidi ya alilokusudia. Tonge moja lilichukua dakika 50. Alilia, alitutukana kwa maneno ambayo sikujua anayajua, akasema tunamchukia. Muuguzi hakumlisha, hakumsihi. Alitugeukia sisi kila mara: semeni tena, maneno yale yale, sauti ile ile. Mdogo wake hakuruhusiwa kumlazimisha; kazi yake ilikuwa kubaki mdogo wake, akishamaliza kula wacheze. Tonge likaingia.

Niliposimulia haya kwa marafiki, wengi waliona ukatili. Nawaelewa. Ila muuguzi alitufundisha kumtenganisha mtoto na ugonjwa, na hilo likageuza kila kitu: anayetukana si binti yetu, ila binti yetu yumo humo ndani na anasikia. Kubishana na ugonjwa ni kama kubishana na redio. Hatukuhesabu kalori mbele yake, hatukumwahidi kwamba hatanenepa. Tulisema, "Najua unaogopa. Kula," kisha tukakaa. Milo mitatu na vitafunio vitatu, kila siku, mtu mzima pembeni. Mke wangu alichukua likizo bila malipo, mimi nikaomba zamu za usiku. Tulikuta chakula kwenye mikono ya sweta na ndani ya soksi. Tulilala chumbani kwake kwa zamu, kwa sababu alikuwa akiamka saa nane za usiku kufanya mazoezi gizani. Kila wiki muuguzi alimpima, akatuonyesha mstari kwenye karatasi. Kwa miezi mitatu karatasi ile ndiyo iliyokuwa gazeti langu.

Kwa nini chakula kitangulie mazungumzo? Katika jaribio lililoanza mwaka 1944 kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea, kwa wiki 24. Hakuna aliyekuwa na anoreksia. Hata hivyo walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kukawiza mlo mmoja muda mrefu, kununa na kujitenga. Niliposoma hayo nilimkumbuka mpishi wetu. Sehemu kubwa ya mambo tuliyoyaita tabia yake ilikuwa kazi ya njaa, na ubongo wenye njaa hauna cha kujadiliana na mshauri.

Uzito ulipokaribia kuwa salama tukaanza kumrudishia hatamu, polepole: kwanza kitafunio kimoja achague mwenyewe, kisha mlo wa shuleni, kisha mlo kwa rafiki, safari hii wa kweli. Mwisho vikaja vikao vilivyohusu mambo ya kila kijana: masomo, marafiki, simu. Tuligombana kuhusu simu, na nikafurahi kama mtu aliyepokea mgeni. Kwa kawaida ni vikao kama 20 ndani ya miezi sita hadi 12. Sisi tulimaliza 22, miezi 13.

Sitaki nikuuzie muujiza. Mwaka 2010, James Lock, Daniel Le Grange na wenzao walichapisha jaribio la vijana 121 wa miaka 12 hadi 18, huko Chicago na Stanford. Mwaka mmoja baada ya matibabu, waliopona kabisa kwa kipimo chao kikali walikuwa asilimia 49 kwa tiba ya familia na 23 kwa tiba ya kijana peke yake. Nusu, basi, hawakuwa wamefika. Ni zaidi ya mara mbili ya njia nyingine, lakini anayekuahidi zaidi ya hapo anakudanganya.

Nawajua pia watakaokuambia wizara haina wataalamu wa kutosha kukalisha familia nzima. Hao wasome jaribio la Melbourne la mwaka 2016, vijana 106. Kundi moja familia ilikaa pamoja. Kundi la pili muuguzi alimpima kijana na kuzungumza naye kidogo, kisha tabibu akakaa na wazazi peke yao. Matibabu yalipoisha, asilimia 43 ya kundi la pili walikuwa wamepona, dhidi ya 22 ya kundi la kwanza; miezi iliyofuata tofauti ilipungua, lakini njia hiyo haikuwa duni. Inazifaa hasa nyumba zenye lawama nyingi, ambako kumweka mtoto na wazazi chumba kimoja ni kumwagia petroli. Mizani, muuguzi, na mtu mmoja aliyefundishwa kuzungumza na wazazi: hivyo vipo, au vinaweza kuwapo.

Wodi bado inahitajika. Mapigo ya moyo yakishuka chini ya 50 kwa dakika mtoto akiwa macho, mwili ukipoa, akizimia anaposimama, hapo hakuna mjadala wa nyumbani. Hata kuanza kumlisha aliyekonda sana kuna hatari yake, kwa sababu fosfeti, madini ambayo moyo huyahitaji, inaweza kuporomoka kwenye damu na moyo ukashindwa, madaktari wapime. Lakini akishatulia, arudi kwa watu wake. Australia walilinganisha vijana 82: wengine walilazwa mpaka mwili utulie tu, wengine mpaka uzito urudi, na wote wakafuatiwa na tiba ya familia. Kulazwa muda mrefu hakukuwapa nafuu zaidi.

Kwa hiyo ile sentensi naomba iondoke, na mahali pake paandikwe: "Wazazi watafundishwa na kusaidiwa kumlisha mtoto wao, na tiba ya familia itakuwa chaguo la kwanza pale hali ya mwili inaporuhusu." Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 umeiweka tiba hiyo mbele kwa watoto na vijana. Pale nyumba yenyewe inapomdhuru mtoto, njia nyingine itafutwe, na hilo liandikwe pia. "Mzazi" lisomwe kwa upana: bibi, mjomba, dada mkubwa, yeyote anayeketi meza moja naye kila siku. Na daktari aruhusiwe kumwandikia mzazi barua kwa mwajiri kwamba yeye ni sehemu ya matibabu. Mke wangu alipoteza nafasi aliyoifanyia kazi miaka tisa kwa sababu hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Binti yangu sasa ana miaka 17. Jana usiku nilimpa barua hii aisome, kwani maisha ni yake. Alisoma akiwa anakula, jambo ambalo hakuliona la ajabu. Akaomba kalamu, akaukata ule uzito niliokuwa nimeuandika. Nikamwambia Waziri anahitaji kujua ilivyokuwa mbaya. Akasema: "Baba, Waziri si mgonjwa. Mgonjwa akiisoma, hiyo namba ataishindania." Kisha akanirudishia kalamu.

Wako mtiifu,
Baba mmoja