Risala ya Wanakikundi Wanaoishi na Kisukari, Mtwara, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi, waganga na wauguzi wetu, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Umekuja katikati ya msimu wa korosho, na wenzetu wa Newala na Tandahimba wameshindwa kushuka leo kwa sababu wako shambani au mnadani. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayotufanya wengi wetu turuke kliniki miezi hii.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunalo jambo moja la kukufikishia, nalo ni figo. Mwenzetu mmoja, fundi baiskeli wa Mikindani, aliona mkojo wake una povu, povu zito lililobaki chooni hata baada ya kumwaga maji. Akadhani ni sabuni. Aliposhtuka, miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Miaka sita alihudhuria kliniki bila kukosa, akatobolewa kidole kila safari, lakini mkojo wake haukuwahi kupimwa protini hata mara moja.

Aliyeandika risala hii alifundisha baiolojia kabla ya kustaafu, kwa hiyo tunaomba uturuhusu kueleza kidogo kinachotokea humo ndani, maana wanakikundi wamekuwa wakiuliza.

Seli ya msuli husubiri insulini ndipo ipokee sukari nyingi. Seli nyingi za figo hazisubiri. Sukari ikijaa kwenye damu, nayo inajaa ndani ya seli, na seli haina komeo la kufunga mlango. Ndani yake mitokondria, vijumba vidogo vinavyoipa seli nishati, huunguza sukari kwa kupokezana elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, hadi kwenye oksijeni. Mzigo ukizidi, baadhi ya elektroni huvuja njiani na kuishika oksijeni kabla ya wakati, ikazaliwa supaoksaidi, chembe yenye ukali wa kushambulia chochote kilicho jirani: utando, protini, hata DNA. Seli ina kinga yake, kama vile glutathioni, lakini kinga hiyo ikizidiwa ndipo wataalamu husema kuna mkazo wa oksidisho. Fundi wetu alipoelezwa alisema, “Kumbe ni kutu.” Si kutu kamili, ila hayuko mbali: chuma chake cha pwani nacho huliwa na oksijeni.

Mwaka 2000 timu ya mtafiti Michael Brownlee huko New York ilionyesha, kwenye seli za ukuta wa mishipa ya damu, kwamba supaoksaidi ya mitokondria ikizuiwa, njia tatu za madhara ya sukari hutulia kwa pamoja. Kwenye figo mabishano bado yapo, wengine wakisema mchango mkubwa unatoka kwenye kimeng'enya kiitwacho NOX4. Wanachokubaliana ni madhara yenyewe. Seli zinazoitwa podositi, ambazo vidole vyao hukumbatia vishipa vya chujio la figo, hunyauka na kubanduka, na zikishapotea ni vigumu sana kupata nyingine. Chujio hugeuka kama kifumbu kilichotoboka: tui linapita na machicha yake. Protini ya damu, hasa ile iitwayo albumini, inaingia kwenye mkojo, na kovu linaanza kujengeka.

Kinachotuuma ni kwamba hatua hii haina maumivu, na kipimo cha kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, katika damu kinaweza kuonekana cha kawaida mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo imeshapotea. Albumini katika mkojo ndiyo hutangulia kusema.

Tungependa pia kusema waziwazi kuhusu vidonge na chupa zinazouzwa stendi kwa jina la “kuondoa sumu”. Mtu akisikia oksidisho, anakimbilia vitamini. Vitamini E ilijaribiwa kwa maelfu ya watu na haikukinga figo za wenye kisukari. Kinachosaidia ni kushusha sukari, kushusha presha, na dawa kama losartani au kaptopril kwa mgonjwa ambaye daktari ameona zinamfaa. Wanakikundi, tafadhali, hela ya korosho isiishie kwenye chupa hizo.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni kila mwenye kisukari katika mkoa huu apimwe albumini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka, na vitendanishi vyake vifike hadi kwenye zahanati, si mjini tu. Tunaomba pia kliniki za msimu wa korosho zifuate watu vijijini, hata kwa siku moja moja karibu na maghala. Sisi tutawaandikisha watu na kuwakumbusha tarehe. Fundi wetu amekaa safu ya mbele, amejitolea kuanza na mtaa wake, na daftari analo tayari.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.