Kipimo cha pua kianzie Mgandini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mpishi wa shughuli, hapa hapa Ngamiani. Kitunguu cha pilau sikipimi kwa jicho, nakipima kwa pua. Au niseme nilikuwa nakipima, maana mwaka jana nilishikwa na mafua makali, yalipoisha yakaondoka na harufu zote.

Sikujua mara moja. Nilijua siku ya hitma moja mtaani, nimeipa sufuria mgongo nachambua mchele, shoga yangu akapiga kelele, "Dada, kitunguu kinaungua!" Moshi ulikuwa umetanda ua mzima, mimi nimetulia tuli. Sasa ninachoogopa zaidi ni mtungi wa gesi. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili tushtuke gesi ikivuja. Mimi nani atanishtua?

Nilikwenda hospitali. Daktari, kijana mwenye adabu zake, alinimulika kwa tochi, akasema haoni nyama za pua wala uvimbe. Nikamuuliza, je, pua yenyewe inasikia kiasi gani? Akasema kipimo hicho hawana, huagizwa nje na ni ghali. Akanisogezea kopo la dawa ya kuchua. Nikahisi inachoma, nikasema naisikia, akaandika kwamba pua ni nzima. Baadaye nikaja kusoma kwamba mchomo ule, kama wa pilipili, hupokewa na mshipa wa fahamu unaopokea maumivu na mchomo wa usoni, si ule wa harufu. Tulidanganyana sote wawili bila kukusudia.

Hivyo vipimo vya nje nimevisoma pia. Wamarekani wanacho kijitabu cha tangu miaka ya 1980, chenye harufu 40: unakwaruza karatasi, unanusa, unachagua jibu moja kati ya manne. Asiyesikia kitu akibahatisha hupata kama 10. Anayepata 2 au 3 hushukiwa kwamba anasikia, ila anaficha kwa kuyakwepa majibu sahihi, jambo la kufaa sana kwenye kesi za fidia za ajali za bodaboda! (Si mzaha: kichwa kikigongwa, nyuzi za harufu zinazopita kwenye mfupa wenye matundu kama chujio la chai zinaweza kukatika.) Wajerumani nao wana kalamu za kunusa. Kijitabu ukishakikwaruza umekimaliza, na kalamu zina muda wa kuisha nguvu.

Lakini hata tukipewa bure, humo mna harufu ya soda ya Kimarekani iitwayo root beer, mna matango ya siki yenye bizari. Bibi yangu wa Pangani angefeli mtihani huo na pua yake ikiwa nzima kabisa. Na humo humo mna karafuu, mdalasini na nazi! Tunauziwa karafuu kwa dola, na milima ya Amani inakolimwa viungo iko juu yetu hapo.

Ombi langu ni kwamba vyuo vyetu vya tiba vitengeneze kipimo cha Kiswahili: vichupa visivyoonyesha kilichomo, ndani iliki, kahawa, chungwa la Muheza, asumini, mafuta ya taa, papa mkavu wa soko letu la Mgandini. Wahenga wa jikoni walisema rahisi huvunja upishi, kwa hiyo kisifanywe ovyo. Mdalasini uliolala dukani mwaka mzima si mdalasini, vichupa vibadilishwe kwa tarehe. Na kwanza wapimwe watu wazima wa afya wengi, vijana kwa wazee, maana pua huchoka na umri na mzee wa miaka 75 hapimwi kwa mizani ya mjukuu wake. Hapo ndipo penye gharama ya kweli, lakini hulipwa mara moja tu.

Wakati tukisubiri, kuna kipimo cha pamba yenye spiriti na rula. Mgonjwa anafumba macho, pamba inaanzia sentimita 30 chini ya pua na kupandishwa kidogo kidogo mpaka aseme anaisikia. Hakimalizi kazi, ila zahanati gani haina pamba na spiriti?

Wapo watakaosema pua si moyo. Nawajibu kwamba ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, mara nyingi huanza kwa kupoteza harufu miaka kadhaa kabla mkono haujatikisika.

Mimi kwa sasa nafanya mazoezi ya kunusa ambayo madaktari wa Ujerumani waliyajaribu na kuyaandika mwaka 2009: waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni. Tangu Ramadhani karafuu naisikia kwa mbali. Au ni kwa sababu najua kwamba kilicho mkononi ni karafuu? Mume wangu hunifumba macho anijaribu, lakini yeye akishika karafuu hucheka.

Mpishi wa shughuli,
Ngamiani, Tanga