Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa halmashauri: shamba langu limeiva, mahindi bado

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tungekutana njiani ungeniamkia, nami ningekuitikia marahaba, maana kwa umri wewe ni rika la mwanangu wa tatu. Lakini kwa kuwa kila nikija ofisini kwako naambiwa uko kikaoni (mara ya mwisho nilikaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili hadi adhana ya adhuhuri), leo acha nikuamkie mimi kwa maandishi. Anayechapa ni mjukuu wangu. Nimemwambia asipunguze neno.

Sitaitaja wilaya yetu, wala mamlaka ya maji, wala jina lako. Tuko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa chini, pale vihamba, mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, vinapoishia na mashamba ya mahindi yanapoanza. Hapo panatosha. Wewe unajijua, na sisi tunakujua.

Jumanne ya wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu ya maji. Zamu yangu ni Jumanne na Ijumaa tangu marehemu mume wangu akiwa hai, na mzee wa mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, anaiandika kwenye daftari. Niliamka saa kumi na moja, nikachukua jembe, nikaenda kufungua. Maji yakaja, yakafika kwa jirani, yakapotea. Nikapanda juu kuyatafuta. Nikakuta kijiko cha njano kimekaa juu ya mfongo kama ng'ombe asiyetaka kuinuka, na mtaro wa bomba umeukata mfongo katikati. Maji ya zamu yangu yalikuwa yanajaza mtaro, vijana wa riflekta wamekaa pembeni wanakula chapati.

Niliuliza kwa adabu. Msimamizi wao, kijana mstaarabu kusema kweli, akanijibu: "Mama, hatuna ubaya na wewe. Hili eneo limeshatangazwa, limeiva kwa kupimwa viwanja."

Limeiva! Mheshimiwa, mahindi yangu ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Maharage yana maua. Nimelima hapo miaka 34, huku nafundisha shule ya msingi, na sijawahi kuona shamba likiiva kabla ya mazao. Labda ni mbegu mpya ya ofisini kwenu.

Mwezi mmoja kabla ya kijiko walikuja wapima. Kwenye kona ya shamba langu la ekari mbili kulikuwa na mmea wa isale lililopandwa na baba mkwe. Wewe si wa huku, kwa hiyo nikueleze: kwetu isale ndilo mpaka, na isale ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba radhi. Haling'olewi ovyo. Wapima waliling'oa, wakachimbia bikoni ya zege yenye namba, na isale wakaliweka juu ya tuta, vizuri tu, mizizi ikitazama jua.

Nikukumbushe jambo. Mwaka 2021 ulikuja kwenye mkutano wetu wa kijiji. Maikrofoni iligoma, ukasema huihitaji kwa sababu sauti ya kweli haihitaji umeme. Tulikupigia makofi. Ukasema hakuna ekari ya kilimo itakayokatwa viwanja kabla ya wanakijiji kukaa na kukubaliana. Nilikuwa benchi la pili. Soda uliyokunywa nilichangia mimi shilingi mia tano. Siidai, naikumbuka tu.

Tukaona kweli huyu ni mtu. Tukatengeneza mpango wa matumizi bora ya ardhi, kama sheria ya mwaka 2007 inavyotaka. Tulizunguka mipaka kwa miguu siku nne. Ramani ikachorwa, ikapakwa rangi: kijani ni kilimo, njano ni makazi, bluu ni vyanzo vya maji. Shamba langu liko kwenye kijani. Ramani hiyo imebandikwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, imeanza kuliwa na mchwa upande wa kusini, lakini kijani bado kinaonekana. Nikalipia na hati ya hakimiliki ya kimila, nikapigwa picha. Hadi leo hati haijatoka. Nikiuliza naambiwa mara mashine, mara muhuri. Mimi nahisi walikuwa wanasubiri shamba liive.

Maana sasa nasikia kuna ramani nyingine. Iko kwako. Ndani yake shamba langu ni la njano, lina barabara mbili na viwanja kumi na kitu. Nani aliipaka rangi, sijui. Wengine wanasema madalali, wengine wanasema halmashauri ina deni na viwanja ndiyo hela ya haraka. Sina ushahidi wa lolote kati ya hayo. Lakini mtu asipoonyeshwa ramani, atachora yake kichwani, na hizo za vichwani kijijini kwetu sasa ni nyingi na mbaya.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, nimeisoma kwa miwani ya kuazima. Inasema ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, kwa kupita tu na kijiko. Lazima itolewe taarifa, na zipite siku 90. Eneo likiwa halizidi hekta 250, anayekubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Bonde letu lote halifiki hata hekta 100. Mkutano mkuu ni sisi. Sisi hatujaitwa. Au tuliitwa tukiwa tumelala?

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo usingizi unaponiishia.

Bomba lililokata mfongo ni la inchi nane. Linatoka kwenye chemchemi yetu ya juu, linapita hatua tisa kutoka mlango wa jiko langu, linateremka kwenda kwenye viwanja vipya ambavyo bado vina mbigili. Kwetu halina koki hata moja. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400, lita 25 kwa siku, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mimi bomba ninalo ndani ya mita kumi. Nikilala nalisikia linavyovuma. Maji ya kunywa nayafuata kwenye kisima kirefu cha chini, ndoo kichwani, na maji ya kisima kile yana floraidi. Watoto wa shule wanacheka huku wamefunika midomo kwa viganja, kwa meno ya kahawia. Kwa hiyo mbigili watakunywa maji matamu ya mlimani, na watoto watakunywa ya kisima. Nani alipanga hivi akiwa na akili timamu?

Ile siku ya benchi la korido nilipata muda wa kusoma vibao vya milango. Ofisi ya ardhi na chumba cha mhandisi wa maji zimetenganishwa na hatua saba. Nilizihesabu, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Kwa saa nne sikumwona mtu akitoka mlango huu kuingia ule. Mmoja anapima viwanja bila kuuliza maji yatatoka wapi, mwingine anafukuza viwanja kwa bomba bila kuuliza linapita juu ya nini. Ningekuwa mimi wewe, ningeweka amri moja tu: bikoni isichimbiwe popote kabla mhandisi wa maji hajaandika kwa mkono wake chanzo ni kipi, kinatoa kiasi gani kiangazi, na nani anakitumia sasa. Na chemchemi yenyewe? Sheria inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Nilienda na kamba ya ng'ombe nikapima. Bikoni ya karibu iko mita 41. Kamba inaweza kukosea, lakini si kwa mita 19.

Na msidhani shamba likizibwa maji yatabaki palepale yakiwasubiri. Mvua ya masika ikinyesha kwenye shamba inazama ardhini, na chemchemi za chini zinaishi kwa hiyo. Ikinyesha kwenye bati na zege inakimbia barabarani, inabeba udongo, inaingia kwa watu wa chini saa nane za usiku. Mwaka jana, kwenye viwanja vya awamu ya kwanza, tuliokoa kuku kwa mabeseni.

Wala hatujakosa mfano wa kujifunza. Pale Lower Moshi, skimu ya umwagiliaji ilijengwa kwa msaada wa Wajapani, ikakamilika mwaka 1987. Mpunga ulikubali ajabu. Watu wa juu wakaona, nao wakafungua majaruba yao, na maji ya kufika chini yakapungua. Mashamba yaliyochorwa kwenye mpango yakakosa maji. Shamba lilipangwa, mto mzima haukupangwa. Na maji yetu sote huku huishia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako yanazungusha mitambo ya umeme na ambako ndugu zetu wa Mwanga na Same walisubiri bomba lao zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana Bonde la Pangani, ambalo sisi na wao tumo, lina bodi yake ya maji. Ukikata mfongo mmoja huku juu unaona umekata mtaro wa bibi kizee. Mtu wa chini haoni hivyo.

Najua utanijibu kwamba watu wanaongezeka. Ni kweli. Sensa ya 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 1,640,087, ya 2022 tukawa 1,861,934, na ardhi haijaongezeka hata upana wa kanga. Nikiri pia, maana barua ya wazi iwe wazi: yule mwanangu wa tatu, rika lako, alinunua kiwanja kwenye awamu ya kwanza. Kilikuwa shamba la mama mmoja ninayesali naye. Nilimpongeza mwanangu, Jumapili nikashindwa kumtazama yule mama usoni. Kwa hiyo sisemi vijana walale nje. Nasema awamu ya kwanza ina viwanja vimejaa majani, wenyewe wako mbali wanangoja bei ipande. Jazeni hivyo kwanza. Jengeni hata ghorofa. Kwa nini kila anayetaka chumba apewe shamba la mtu?

Nilianza barua hii nikiwa na madai mengi. Mfongo uzibuliwe kabla ya Ijumaa (Ijumaa imepita). Bikoni zing'olewe. Hati yangu itoke. Koki iwekwe. Rangi ya kijani iheshimiwe, tena iandikwe kwenye gazeti la serikali kama mnavyoandika hayo yaliyoiva. Fidia sijaiomba, ingawa naijua sheria inayosema iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Jirani yangu wa awamu ya kwanza bado anausubiri huo wakati.

Mjukuu amesoma akasema, bibi, yamekuwa mengi, atachagua lililo jepesi. Basi nimeyapunguza, limebaki moja. Njoo na ramani.

Usitume mtu wa kuja kutuelimisha. Usilete tisheti. Njoo wewe, na mtu wa ardhi na mtu wa maji kwenye gari moja, waanze kuzoeana njiani. Jumamosi saa nne, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, pale pale uliposema sauti ya kweli haihitaji umeme. Ramani yako tutaitandika juu ya meza, na ya kwetu yenye mchwa pembeni yake, tuone kijani kiligeukaje kuwa njano. Soda ipo.

Njoo na ramani, Mheshimiwa. Isale tunalo, nimelipanda upya kwenye ndoo, limeshika.

Wako,
Mwalimu mstaafu, mkulima wa zamu ya Jumanne na Ijumaa