Tusiwaone Waajemi kwa macho ya Wayunani peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu makala ya ustaarabu wa kale iliyotoka katika gazeti lako majuma mawili yaliyopita. Mwandishi wake ameeleza vizuri habari za Wayunani, yaani Wagiriki wa kale: mkutano wa raia wa Athens waliopiga kura kwa kuinua mikono, mahekalu yao, tamthilia zao, na ushindi wao dhidi ya Waajemi huko Marathon mwaka 490 KK. Lakini alipofika kwa Waajemi, watu wa Iran ya kale, aliwamaliza kwa sentensi mbili, na katika moja ya hizo akawaita washenzi waliotoka mashariki. Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini hapa Tabora, na neno hilo limenichoma, kwa kuwa wazee wetu walilijua kwa kuitwa.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Watu wa pwani walipofika huku walimwita mshenzi mtu wa bara asiyevaa kama wao, asiyesali kama wao na asiyesema kama wao, hata kama ndiye aliyewauzia nafaka na kuwabebea mizigo yao hadi baharini. Mtemi Mirambo aliandikwa na wengine vivyo hivyo. Mwaka 1871 Stanley, msafiri na mwandishi wa Kizungu, alipigana naye akiwa upande wa wafanyabiashara Waarabu, akamwandika kama jambazi; mwaka 1876 walikutana ana kwa ana, wakachanjiana undugu, na kalamu ileile ikageuka kumsifu. Mirambo hakuacha kitabu chake mwenyewe cha kumjibu Stanley wa mwaka 1871. Waajemi waliacha maandishi, na ndiyo maana naona hatuna udhuru wa kuwasimulia kwa mdomo wa adui yao peke yake.

Wayunani walikuwa na neno lao, barbaros, la kumtaja mtu ambaye maneno yake yalisikika masikioni mwao kama "bar-bar". Hapo mwanzo lilimaanisha tu mtu wa lugha nyingine. Baada ya uvamizi wa Xerxes, mfalme wa Uajemi, ambaye majeshi yake yaliichoma Athens mwaka 480 KK, ndipo likazidi kubeba dharau. Kiswahili chetu nacho kimerithi jambo la namna hiyo, kwa sababu Uajemi limetokana na neno la Kiarabu ajam, yaani mtu asiye Mwarabu, ambaye usemi wake haueleweki. Jina la Wayunani nalo lina safari yake: Waajemi waliwaita Yauna, kutokana na wale wa Ionia, pwani ya Uturuki ya leo, Waarabu wakasema Yunan, nasi tukalipokea kutoka kwao. Mwandishi wa makala alipowaita mashujaa wake Wayunani, alikuwa akitumia jina ambalo mzizi wake ulikuwa midomoni mwa hao aliowaita washenzi.

Wasomaji wengi wanawajua wafalme wa Uajemi kutoka kitabu cha Ezra, ambamo Koreshi, aliyeutwaa Babeli mwaka 539 KK, anawaruhusu Wayahudi warudi kwao wakajenge hekalu. Dario, aliyetawala tangu mwaka 522 hadi 486 KK, aliagiza habari zake zichongwe juu ya mwamba wa Behistun, katika Iran ya leo, kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Ni kweli kwamba mfalme hujisifu, na msomaji wa Behistun hana budi kuwa macho. Hata hivyo, katika maandishi yake kuhusu jumba la Susa, mmoja wa miji yake mikuu, Dario anawataja waliolijenga na vitu vilikotoka: mierezi ya Lebanoni, dhahabu ya Sardis iliyo katika Uturuki ya leo na ya Baktria ya upande wa Afghanistan, waashi wa mawe wa Ionia na Sardis, na pembe za ndovu kutoka Kushi, upande huu wetu wa Afrika, pamoja na India na Arakosia, kusini mwa Afghanistan ya leo. Sisi tuliolelewa katika mji uliokuzwa na biashara ya pembe hatuwezi kulipita neno hilo haraka.

Lakini kilichonigusa kuliko mwamba na jumba ni vibao vya udongo vya Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi. Wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walivikuta kwa maelfu katika miaka ya 1933 na 1934, vingi vikiwa vimeandikwa kwa Kielamu, vya kati ya mwaka 509 na 493 KK. Ndani yake hakuna vita. Kuna shayiri, mvinyo, unga, majina ya makarani na alama za mihuri. Kuna wanawake waliofanya kazi katika vikundi wakalipwa chakula, na aliyejifungua aliongezewa. Aliyezaa mtoto wa kiume alipata mara mbili ya aliyezaa wa kike, jambo ambalo silipambi. Kuna pia wasafiri wa mfalme, kila kundi likiwa na hati yenye muhuri, waliopewa unga katika kila kituo, kwa kawaida kiasi cha lita moja na nusu kwa mtu mzima kwa siku na lita moja kwa kijana mtumishi.

Somo hilo niliwahi kulifundisha kwa kopo la lita moja na mfuko wa unga wa mahindi. Niliwaambia wanafunzi wapime kopo moja na nusu, waumwage juu ya gazeti lililotandazwa mezani, nao wakauzunguka wakiukadiria kwa macho. Kijana mmoja wa Urambo akasema, "Mwalimu, hii si posho?" Ndiyo, ni posho, neno lilelile la wapagazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena Waajemi walikuwa watu wa namna gani.

Barabara ambayo baadhi ya wasafiri hao waliipita ameieleza Herodotus, mwanahistoria Myunani aliyezaliwa Halikarnaso, mji uliokuwa chini ya Uajemi. Anasema kati ya Sardis na Susa palikuwa na vituo 111, na kwamba safari nzima kwa miguu ilikuwa ya siku 90. Njia hiyo ni ya kilomita zipatazo 2,500. Misafara yetu ilitumia karibu miezi mitatu kutoka pwani hadi Tabora, umbali usiofika nusu ya huo. Herodotus huyohuyo anafungua kazi yake kwa kusema anataka matendo makuu ya Wayunani na ya wasio Wayunani yasisahaulike. Kwa hiyo ubaguzi uliomo katika makala hauwezi hata kusingiziwa Wayunani wote.

Simvunjii Myunani heshima yake, wala simtakasi Mwajemi. Majeshi ya Dario yaliuteketeza Mileto, mji wa Wayunani wa Ionia, mwaka 494 KK na kuwahamisha watu wake, na Aleksanda, mfalme wa Makedonia, naye akaichoma Persepolis mwaka 330 KK. Ila mwandishi angetaja pia kwamba karibu mwaka 507 KK wajumbe wa Athens walikwenda Sardis kutafuta urafiki wa Mwajemi, wakakubali kutoa udongo na maji kuwa ishara ya utii, na kwamba Sparta, mji mwingine wa Wayunani, iliishinda Athens mwaka 404 KK kwa merikebu zilizogharimiwa na fedha ya Uajemi. Watu hao walikopana na kuajiriana kwa muda mrefu kuliko walivyopigana.

Ninaloomba kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba neno "washenzi" lisahihishwe, na kwamba sehemu ya pili ya makala, iliyoahidiwa mwezi ujao, iwape Waajemi nafasi ya kusema kwa maandishi yao. Kama nafasi ni finyu, kitoshe kibao kimoja. Miongoni mwa maelfu ya vile vya Persepolis kimo kimoja kilichoandikwa kwa Kiyunani, nacho kinataja mvinyo, maris mbili, yaani kipimo cha vinywaji, na mwezi wa Tebeti wa kalenda ya Kibabeli. Mtu aliyejua Kiyunani alikaa katika ofisi ya mfalme wa Uajemi akiandika hesabu ya ghala, miaka michache tu kabla ya Marathon.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kwihara, Tabora