Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania: Tupimieni mitungi ya "gesi ya maji"

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba darasani. Sijawahi kuiandikia ofisi ya serikali barua isiyohusu uhamisho au madai ya likizo, lakini hili limenikaa kooni.

Kaka yangu ana Noah ya kubebea abiria. Mwaka jana petroli ilipomlemea, aliuziwa mtungi wa plastiki wenye mabamba ya chuma ndani. Unatia maji na kijiko cha kostiki, unauunga kwenye betri, na gesi inayotoka inapita kwenye mpira hadi njia ya hewa ya injini. Laki nne na themanini pamoja na ufundi. Hela ile ilikuwa ya kikoba cha wifi yangu. Muuzaji alimwambia kwamba ndani ya maji mna nishati ya bure ambayo wenye mafuta hawataki ijulikane. Jioni ile kaka alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nasahihisha mitihani, nikamjibu tu kwamba haiwezekani, bila kumweleza kwa nini. Kesho yake akalipa.

Maelezo niliyomnyima kaka nayaandika hapa, kwa sababu mitungi hiyo bado inauzwa na wanunuzi wake ni watu wasio na akiba ya kupoteza.

Maji si mafuta. Maji ni kile kinachobaki haidrojeni ikishaungua, kama majivu yanavyobaki kuni zikishaungua. Lavoisier alilionyesha jambo hilo Paris mwaka 1783, na mwaka 1800 Nicholson na Carlisle, kule London, wakafanya kinyume chake: walipitisha umeme ndani ya maji, zikatoka haidrojeni na oksijeni. Hiyo ndiyo elektrolisisi. Ukitaka kuyarudisha majivu yawe kuni, huna budi kulirudisha joto lote lililotoka siku yalipoungua. Kupasua gramu 18 za maji kunadai kilojouli 286. Ukiichoma haidrojeni hiyo irudi kuwa maji, unapata kilojouli 286 zile zile. Hesabu hii imepimwa kwa zaidi ya miaka 150 katika maabara zisizohesabika, na haijawahi kuzidi hata chembe.

Niiweke kwa lugha ya LUKU, yaani uniti za umeme. Kilo moja ya haidrojeni inadai nishati ya uniti 39, na huo ni mtambo usiopoteza chochote. Mitambo halisi ya viwandani inakula uniti 50 hadi 55. Ukiipeleka kilo hiyo kwenye injini ya gari, ambako mvuke hutoka na joto lake kwenye ekzosi, unabaki na uniti 33, na kati ya hizo injini inageuza kama robo tu kuwa mwendo. Umeingiza 50, umetoka na 8.

Sasa Noah ya kaka. Nilibeba ammita ya maabara nikaenda kuupima mtungi ule injini ikiunguruma. Ulikuwa unavuta ampea 20 kwa volti 14, yaani wati 280, na mabamba yake yana nafasi sita zinazotoa gesi. Kwa kanuni ya Faraday, inayokokotoa gesi inayotoka kwa kiasi cha umeme uliopita, huo ni uzalishaji wa gramu nne na nusu za haidrojeni kwa saa, ambazo zikiungua zinatoa wastani wa wati 150. Injini ikizifanyia kazi zinabaki kama wati 40. Na hizo wati 280 zinatoka wapi? Kwenye alternata, inayozungushwa na injini hiyo hiyo, na alternata ya kawaida inahitaji karibu wati 500 za mzunguko ili itoe umeme huo. Kwa hiyo gari linatoa 500 ili lirudishiwe 40. Linganisha pia na petroli yenyewe: gari linalotumia lita sita kwa saa linachoma zaidi ya wati 50,000. Gesi ya mtungi ni kama shilingi tatu ndani ya elfu moja, nazo ni shilingi za mkopo.

Kaka alinibishia, na alikuwa na hoja. Wiki ya kwanza aliona mafuta yanapungua taratibu. Simwiti mwongo. Pamoja na mtungi, fundi alifunga kidude kwenye waya wa sensa ya oksijeni, kinachoidanganya kompyuta ya gari ipunguze petroli. Petroli ikipungua namna hiyo injini inakosa nguvu na inaweza kupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Kaka aliliona hilo kwenye mlima, abiria wakiwa wamejaa. Halafu mtu aliyelipa laki karibu tano huendesha kwa upole, anaachia mafuta mapema, hapigi honi wala hakimbizani na mtu. Na kipimo chake kilikuwa mshale wa dashibodi. Kidude kilipotolewa, nafuu nayo ikaondoka.

Wauzaji wakibanwa na hesabu hizi wanahama. Wanasema gesi haileti nishati yenyewe, inaisaidia petroli iungue vizuri zaidi. Hoja hii inasikika vizuri, ila injini za petroli za leo zinachoma tayari kama asilimia 97 ya mafuta yanayoingia. Hasara kubwa haiko kwenye petroli isiyoungua. Iko kwenye joto linalotoka kwa ekzosi na rejeta, na hilo halizuiliwi na kipovu cha haidrojeni.

Wako pia wanaoonyesha karatasi yenye "ufanisi wa asilimia 120". Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo hata wahitimu wa vyuo wanapotegwa. Kati ya zile kilojouli 286, ni 237 tu ambazo lazima ziwe umeme. 49 zilizobaki mtambo unaweza kuzivuta kutoka joto la mazingira, kama unaendeshwa polepole kwa volti ndogo sana. Ukigawa 286 kwa 237 unapata asilimia 120, na hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni kulihesabu joto la hewa kana kwamba ni zawadi ya gesi. Ukiirudisha gesi hiyo kuwa umeme kwa seli bora kuliko zote, utarudishiwa 237 zako, si zaidi, na zile 49 zitarudi kuwa joto la vuguvugu lisiloweza kusukuma tairi. Na mtungi wa kaka hata hapo haukufika: kila nafasi yake ilikuwa inakula zaidi ya volti mbili, wakati mpaka wa kuvuta joto la nje ni volti 1.48.

Ninakuandikia wewe, Ndugu Mkurugenzi, kwa sababu ya yaliyotokea kwingine. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio, Marekani, iliamua kwamba Stanley Meyer alifanya udanganyifu mkubwa baada ya wataalamu kukuta "seli ya mafuta ya maji" yake ni elektrolisisi ya kawaida, na ikamwamuru awarudishie wawekezaji wawili dola 25,000. Ufilipino, Daniel Dingel alihukumiwa mwaka 2008, akiwa na miaka 82, baada ya miongo ya kuonyesha gari lake la maji. Lakini linaloninyima usingizi ni la Pakistani mwaka 2012. Mhandisi mmoja alionyesha gari linaloendeshwa na maji mbele ya mawaziri na kwenye televisheni, na baraza la mawaziri likaunda kamati ndogo ya kulishughulikia. Mwanafizikia Pervez Hoodbhoy alisimama akasema wazi kwamba sheria za fizikia hazikubali, na hata baadhi ya wanasayansi wakubwa wa nchi yake hawakuwa upande wake. Mwananchi akimwona waziri amekaa ndani ya gari hilo, mwalimu wa fizikia amwambie nini tena?

Siipingi haidrojeni. Kiwanda cha mbolea cha Kwekwe, Zimbabwe, kilipasua maji kwa umeme kwa miongo kadhaa ili kupata amonia, hadi mtambo huo ulipozimwa mwaka 2015. Wale hawakutafuta nishati ya ziada. Walitumia umeme mwingi wakapata mbolea, na umeme ulipokuwa adimu na ghali, hesabu ikakataa. Sisi tuna Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 na bado tunaagiza mbolea. Mazungumzo hayo yaje, na vijana wangu wa kidato cha sita wawemo.

Ombi langu. Mtungi wa aina hii upimwe na shirika lako kabla haujauzwa kwa ahadi ya kupunguza mafuta. Petroli ipimwe kwa mizani, gari liwe juu ya mashine ya kupimia nguvu, kompyuta isiguswe, na dereva asijue lini mtungi umewashwa na lini umezimwa. Majibu yatolewe kwa Kiswahili. Pia mwangalie usalama: gesi hii inatoka ikiwa tayari imechanganyika na oksijeni yake, cheche ndogo kabisa inatosha kuilipua, na mtungi wa kaka haukuwa na kizuizi chochote cha moto kurudi nyuma. Chini yake kuna kostiki, na juu yake, umbali wa kiti kimoja tu, anakaa abiria.

Mtungi wenyewe uko stoo kwangu, ndani ya boksi lake, pamoja na kile kidude cha sensa na karatasi ya maelekezo. Kaka ameridhia nitumie. Nitauleta mwenyewe Ubungo siku yoyote mtakayoitaja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia, Morogoro